Kuchagua hadubini ya darasani au nyumbani: kwa nini namba ya ukuzaji haitoshi

Mtu anayetafuta hadubini kwa mara ya kwanza hukutana na namba kabla ya kukutana na kitu kingine chochote. Sanduku moja limeandikwa mara 400, la pili mara 1000, la tatu mara 2000, na ni rahisi kuamini kwamba yenye namba kubwa ndiyo bora. Namba hiyo ina maana yake, lakini haisemi kama taswira itakuwa kali au ya ukunguukungu, haisemi kama nuru itatosha, wala haisemi kama mtoto wa miaka 9 ataweza kuipata taswira bila kuivunja slaidi, yaani kipande cha kioo kinachobeba kitu kinachotazamwa. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama chombo kitatumika kwa miaka mingi au kitawekwa kabatini baada ya wiki ya kwanza, na ndiyo yanayostahili kueleweka kabla ya fedha kutolewa.

Swali la kuanzia ni nini hasa kitatazamwa. Hadubini ya kawaida ya maabara, yenye lenzi ya jicho juu na lenzi fupi kadhaa chini zilizofungwa kwenye kichwa kinachozunguka, hutegemea nuru inayopenya ndani ya kitu. Kwa sababu hiyo kitu hicho hakina budi kuwa chembamba na chenye kupitisha nuru: utando wa kitunguu, tone la maji ya bwawa, chavua, seli zilizokwanguliwa ndani ya shavu. Mtoto akiweka chini yake sisimizi mzima, kokoto au sarafu, ataona kivuli cheusi chenye kingo hafifu, naye atadhani amekosea kuitumia, kumbe chombo hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa vitu vizima vinavyoshikika kwa mkono ipo hadubini ya stirio. Hii humulika kitu kutoka juu na kulipatia kila jicho njia yake ya nuru, kwa pembe zinazotofautiana kidogo, hivyo mtazamaji huona kina cha kitu na si sura bapa tu. Ukuzaji wake kwa kawaida ni kati ya mara 10 na 40. Taswira yake husimama wima kama kitu chenyewe kilivyo, ilhali ile ya hadubini ya kawaida hupinduliwa juu chini na kulia kushoto, na kati ya lenzi na kitu hubaki nafasi ya sentimita kadhaa ambamo mikono inaweza kufanya kazi kwa sindano au koleo huku macho yakitazama. Chini yake bawa la kipepeo huonekana limepangwa magamba kwa safu, mgongo wa jani la kangaga huonyesha vifuko vya spora, na punje za mchanga hujitenga, moja ya uwazi, nyingine ya kahawia, nyingine kipande cha kombe. Matayarisho karibu hayahitajiki. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 hivi, na kwa nyumba yoyote ambayo hamu yake kubwa ni wadudu, mimea na mawe, ninashauri bila kusita kwamba hadubini ya stirio yenye ukuzaji wa mara 20 itangulie ile ya mara 1000. Mtoto atakayeipenda atafika kwenye seli baadaye kwa hamu yake mwenyewe.

Anayetaka seli atahitaji hadubini ya kawaida, na hapo vipimo vya vitu vyenyewe husaidia kuamua. Seli ya utando wa kitunguu inaweza kuwa na urefu wa robo ya milimita au zaidi. Paramesiamu, kiumbe cha seli moja cha maji ya bwawa, hufikia mikromita 100 hadi 300, yaani kati ya milimita 0.1 na 0.3. Seli ya ndani ya shavu ina upana wa mikromita 50 hivi, seli nyekundu ya damu 7 hadi 8, na bakteria wengi mikromita moja hadi tano. Virusi ni vidogo mno kwa hadubini ya nuru, na tangazo linaloahidi kuvionyesha kwa chombo cha nyumbani si la kuaminiwa. Ukipitia orodha hiyo utagundua kwamba karibu kila kitu kinachofundishwa katika shule ya msingi na miaka ya mwanzo ya sekondari huonekana vizuri kati ya mara 40 na mara 400.

Namba iliyo juu ya sanduku na namba iliyo juu ya lenzi

Ukuzaji hupatikana kwa kuzidisha namba ya lenzi ya jicho kwa namba ya lenzi iliyo karibu na kitu, ambayo hapa nitaiita lenzi ya kitu. Lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi ya kitu ya mara 40 hutoa mara 400. Hesabu hiyo haimzuii mtu kuweka lenzi ya jicho ya mara 20 juu ya lenzi ya kitu ya mara 100 na kuandika mara 2000 kwenye sanduku, wala haimzuii kufanya hivyo kwa lenzi za plastiki. Kinachoongezeka ni ukubwa wa taswira, na maelezo yaliyomo ndani yake hubaki yaleyale.

Maelezo hayo hutegemea uwezo wa lenzi ya kitu wa kutenganisha nukta mbili zilizo karibu zionekane mbili na si moja. Mwaka 1873 mwanafizikia wa Ujerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi Jena, alieleza kwamba uwezo huo una kikomo kinachowekwa na mawimbi ya nuru yenyewe. Umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa hukaribia urefu wa wimbi la nuru ukigawanywa kwa mara mbili ya kile kinachoitwa namba ya upenyo ya lenzi, ambayo hupima upana wa pembe ambayo lenzi hukusanya nuru kutoka kwenye kitu. Namba hiyo huchongwa ubavuni mwa kila lenzi ya kitu iliyotengenezwa kwa uangalifu. Lenzi ya mara 10 mara nyingi huwa na 0.25, ya mara 40 huwa na 0.65, na ya mara 100 inayotumia mafuta huwa na 1.25.

Tuchukue nuru ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 550, yaani mikromita 0.55. Lenzi ya 0.25 itatenganisha nukta zilizoachana kwa mikromita 1.1, ya 0.65 itafika mikromita 0.42, ya 1.25 itafika 0.22. Hakuna lenzi ya jicho, kamera wala skrini inayoweza kurudisha kilichopotea kwenye lenzi ya kitu. Ndiyo maana watu wa fani hii hufuata kanuni ya kwamba ukuzaji wenye manufaa uko kati ya mara 500 na mara 1000 ya namba ya upenyo. Kwa lenzi ya 0.65 kikomo hicho ni mara 650, na kwa lenzi ya mafuta ya 1.25 ni mara 1250. Kinachozidi hapo ni ukuzaji mtupu: taswira hukua, huingia giza na kulegea kingo, na jicho halioni jambo jipya.

Historia yenyewe inalithibitisha hili. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft nchini Uholanzi, alitumia vyombo vyenye lenzi moja ndogo tu alizozitengeneza mwenyewe, na iliyo bora kati ya zilizosalia inakuza karibu mara 270. Kwa vyombo vya namna hiyo aliona bakteria na kuwaeleza katika barua yake ya mwaka 1676 kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Lenzi safi ya mara 270 ilimwonyesha kile ambacho hadubini ya kuchezea ya plastiki ya mara 1200 haiwezi kukionyesha leo.

Kwa hiyo shika lenzi ya kitu mkononi na usome maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 40x/0.65 na chini yake 160/0.17, imekueleza mambo manne: ukuzaji, namba ya upenyo, urefu wa mrija ambao lenzi ilikusudiwa kwa milimita, na unene wa kioo cha kufunikia sampuli ambao huipa taswira bora, yaani milimita 0.17. Unene huo si wa kupuuzwa, kwani slaidi isiyo na kioo cha kufunikia, au yenye kioo kinene mno, huilegeza taswira ya lenzi ya mara 40 hata iwe nzuri namna gani. Neno "Plan" likiwepo, lina maana kwamba taswira itakuwa kali kutoka katikati hadi ukingoni. Lisipokuwepo, lenzi huenda ni ya kawaida ambayo ukingo wake hulegea kidogo, jambo linalovumilika darasani. Lenzi isiyo na maandishi yoyote zaidi ya "40x" inakuficha jambo muhimu kuliko yote.

Lenzi ya mara 100 inastahili neno lake, kwa sababu ndiyo inayowavutia wengi na ndiyo inayoachwa bila kutumika mara nyingi zaidi. Namba ya upenyo haiwezi kuzidi 1 pale ambapo kati ya lenzi na kioo pana hewa, ndiyo sababu tone la mafuta maalumu, yanayopinda nuru karibu sawa na kioo, huwekwa hapo. Bila mafuta lenzi hiyo haifanyi kazi yake. Ikitumiwa na mafuta, lazima ifutwe kila mara, na mafuta yakigusa lenzi ya mara 40 yataitia ukungu mpaka isafishwe kwa uangalifu. Darasa linalojifunza maumbo ya bakteria au vimelea vya malaria ndani ya seli za damu linaihitaji, na afadhali kwa kazi hizo litumie slaidi zilizokwisha kutayarishwa kuliko kuchoma vidole vya wanafunzi. Darasa lisilo na somo hilo lingefaidika zaidi kama fedha hiyo ingeongezwa kwenye ubora wa lenzi za mara 4, 10 na 40.

Uwanja wa kuona, na nuru

Kila unapoongeza ukuzaji unapunguza eneo linaloonekana. Lenzi ya jicho iliyoandikwa 10x/18 huonyesha duara lenye kipenyo cha milimita 18 gawanya kwa namba ya lenzi ya kitu: milimita 4.5 kwa lenzi ya mara 4, milimita 1.8 kwa ya mara 10, na milimita 0.45 tu kwa ya mara 40. Chukua utando mwembamba wa upande wa ndani wa gamba la kitunguu, utandaze juu ya tone la maji, ongeza tone la iodini na ufunike. Kwa lenzi ya mara 4 utaona safu ndefu za seli zilizopangwa kama matofali ya ukuta. Kwa ya mara 10 kila seli inaonyesha kiini chake, kiduara cha rangi ya manjano iliyokolea kilichobanwa kando ya ukuta. Kwa ya mara 40 seli chache tu zinajaza uwanja wote, na mwanafunzi aliyeanzia hapo hawezi kujua anatazama nini. Lenzi ya mara 10 ndiyo inayofundisha zaidi katika zoezi hili, na ningependa kila mwalimu alione jambo hili mwenyewe kabla ya kuandika mahitaji ya ununuzi.

Nuru ni nusu ya chombo, na katika vyombo vya bei ya chini ndiyo nusu inayosahauliwa. Taa ya LED inapendeza kwa shughuli nyingi za shule: haina joto linaloua wadudu wa majini kwenye slaidi, hudumu muda mrefu, na nyingine hutumia betri za kuchajiwa mahali ambapo umeme haupo au hukatika. Kioo cha kuakisi nacho hufaa na hakiharibiki, mradi kielekezwe kwenye anga lenye mwanga au kwenye taa, na kamwe kisielekezwe kwenye jua, kwa kuwa nuru ya jua iliyokusanywa na lenzi inaweza kuliharibu jicho kwa muda mfupi sana.

Chini ya jukwaa la slaidi tafuta vitu viwili: kondensa, ambayo ni lenzi inayoikusanya nuru juu ya sampuli, na kiwambo, ambacho ni tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa. Seli hai zisizotiwa rangi ni za uwazi karibu kabisa. Weka seli za shavu bila rangi, acha kiwambo wazi chote, na uwanja utaonekana mweupe mtupu kana kwamba slaidi haina kitu. Kibane taratibu na seli zitajitokeza, kwanza kingo, kisha kiini, kisha vinukta vya ndani. Kikibanwa kupita kiasi, mistari ya uongo huonekana kuzunguka kila kitu na ukali hupotea. Mtu aliyejifunza kutumia kiwambo ataona mengi kwa hadubini ya kawaida kuliko asiyejua aliyepewa ya gharama. Kiwambo kinachofunguka na kufumba kwa majani ya chuma ni bora kuliko sahani yenye matundu matano ya ukubwa tofauti, ingawa sahani hiyo inatosha kwa wanaoanza. Lenzi ya mafuta ya 1.25 huhitaji kondensa yenye namba ya upenyo inayokaribia hiyo na inayoweza kupandishwa hadi karibu na slaidi. Pakiuzwa hadubini ya mara 1000 isiyo na kondensa ya namna hiyo, lenzi yake ya mara 100 haitafika pale ilipokusudiwa.

Kinachoshikwa na mkono

Lenzi nzuri juu ya mwili unaotikisika haina faida. Hadubini ya kufanyia kazi huwa na mwili wa chuma, na huwa na virekebishi viwili vya fokasi, yaani vya kuifanya taswira iwe kali: cha haraka, kinachopandisha jukwaa kwa hatua kubwa, na cha taratibu, kinachotumika kwa lenzi ya mara 40 na zaidi. Kwa kuwa lenzi ya mara 40 hukaribia kioo kwa chini ya milimita moja, chombo cha shule kinahitaji kizuizi kinachosimamisha jukwaa kabla halijagonga lenzi, na lenzi yenyewe iwe na ncha inayorudi ndani kwa springi ikiguswa. Vibanio viwili vinatosha kuishikilia slaidi kwa mwanafunzi wa darasa la chini. Kwa anayefuatilia kiumbe kinachoogelea kwenye tone la maji, jukwaa lenye skrubu za kusogezea slaidi hubadilisha kabisa uzoefu wake.

Lenzi za kitu ziwe za kipimo cha kawaida chenye uzi unaofahamika kama RMS, wa kipenyo cha milimita 20.32, ili moja ikiharibika ipatikane nyingine. Zilizoandikwa 160 zisichanganywe na zile zenye alama ya ∞, kwa kuwa zimekusudiwa miili tofauti.

Kwa darasa, idadi huja kabla ya anasa. Wanafunzi 40 wakigawana hadubini moja kwa dakika 2 kila mmoja, zamu huisha baada ya dakika 80, na somo limekwisha kabla nusu yao hawajatazama. Zikiwa nane, kila kundi la watu watano humaliza kwa dakika 10 na kubaki na muda wa kuchora na kujadiliana. Kwa hiyo hadubini nane za jicho moja, imara na rahisi, zina thamani kubwa kwa shule kuliko mbili za macho mawili zenye kila kitu. Kichwa cha macho mawili hupunguza uchovu kwa mtu anayetazama saa nzima, lakini kila mtumiaji lazima akirekebishe kulingana na umbali kati ya macho yake, na watoto wanaobadilishana haraka hupoteza muda hapo. Mshale mdogo ndani ya lenzi ya jicho, unaomwezesha mwalimu kusema "tazama kilicho kwenye ncha", husaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Lenzi ya jicho iliyofungwa kwa skrubu isichomolewe na mikono midogo nayo ni ya kutafutwa.

Kamera hutatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine, kwani darasa zima huona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Simu ikishikiliwa sawasawa juu ya lenzi ya jicho hutoa picha nzuri. Hadubini ndogo za USB zinazoshikwa kwa mkono zinafanana na za stirio kwa matumizi, ingawa hazionyeshi kina, na namba za ukuzaji wake zisomwe kwa tahadhari. Eneo la milimita 4 likionyeshwa kwenye skrini yenye upana wa milimita 400 limekuzwa mara 100. Likihamishiwa skrini ya milimita 800 limekuzwa mara 200, na hakuna hata unywele mmoja zaidi unaoonekana. Mahali ambapo bajeti ni ndogo mno, ipo pia Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Manu Prakash na wenzake na kuelezwa rasmi mwaka 2014. Ukuzaji wake ni mara 140 hivi, na inatosha kabisa kumpa kila mwanafunzi chombo cha kwenda nacho nyumbani.

Hadubini iliyotumika ya kampuni nzuri mara nyingi inashinda mpya ya bei ileile, mradi ikaguliwe. Chomoa lenzi ya jicho na utazame ndani ya mrija ukiwa umeielekeza kwenye mwanga. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi ni kuvu, ambao hupenda unyevunyevu na huweza kuchimba kioo chenyewe, na chombo hicho kiachwe. Zungusha kila kirekebishi toka mwanzo hadi mwisho. Kikiwa kigumu, huenda grisi ya zamani imeganda, na fundi anaweza kuisafisha. Kikiruka au kikiwa na nafasi tupu kabla ya kuanza kuvuta, gia zimelika.

Kisha, iwe mpya au ya zamani, ijaribu kwa slaidi moja. Weka fokasi kwa lenzi ya mara 4, zungusha hadi ya mara 10, halafu ya mara 40, bila kugusa chochote isipokuwa kirekebishi cha taratibu. Kitu kilichokuwa katikati kinapaswa kubaki karibu na katikati, na taswira inapaswa kurudi kwa kuzungusha kidogo tu. Iache hapo dakika chache bila kuigusa, kisha tazama tena: taswira ikiwa imelegea, jukwaa linashuka kwa uzito wake lenyewe. Muulize muuzaji kama kuna skrubu ya kulikaza, na akishindwa kuionyesha, usiinunue.